Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Kituo cha Elimu ya Uhifadhi: Rudisheni Watu Katika Historia Hii

Waheshimiwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi, Mkurugenzi, pamoja na wataalamu wote wa kituo,

YAH: OMBI LA KUSAHIHISHA MAONYESHO YA HISTORIA YA UHIFADHI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya kutwa, Kanda ya Ziwa. Kila mwaka shule yetu, kama shule nyingi za jirani, huwaleta wanafunzi kituoni kwenu kujifunza uhifadhi. Wazazi huchangia nauli, wengine kwa kuuza kuku au debe la mpunga, kwa sababu wanaamini mtoto akifika kwenu ataongeza elimu. Nami naamini hivyo hivyo. Ndiyo maana nimeona vigumu kukaa kimya.

Jina la kituo silitaji hapa, kwa kuwa sitaki kuwavunjia heshima watumishi wanaowapokea watoto wetu kwa moyo mkunjufu. Ninyi mnajijua. Walimu wenzangu nami tumewaandikia barua, tumefika ofisini, tumeacha maelezo kwenye kitabu cha wageni. Tumejibiwa kwa maneno mazuri ya mdomo, na mabango yamebaki vilevile. Kwa hiyo leo nasema mbele ya umma.

Lalamiko letu ni hili. Ukuta wenu mkubwa wa historia unaanzia mwaka 1896, Gavana Hermann von Wissmann alipotoa amri ya kwanza ya Wajerumani ya kudhibiti uwindaji na kutenga mapori ya akiba. Unafuata mkutano wa London wa mwaka 1900, ambapo mataifa ya Ulaya yalikubaliana namna ya kulinda wanyama wa Afrika bila Mwafrika yeyote kuulizwa. Unaruka hadi 1951 na Hifadhi ya Serengeti, kisha picha kubwa ya mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Profesa Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael wakiwa na ndege yao, na unaishia kwenye utalii. Katika ukuta mzima Mwafrika anatokea kwa sura tatu: jangili aliyekamatwa, mfugaji aliyevamia, na mwanakijiji anayepewa elimu. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza mbele yenu, "Mwalimu, sisi tulikuwa tunafanya nini wakati huo?" Mwongozaji hakuwa na jibu, na hakuna bango lililoweza kumsaidia. Barua hii ni jibu ambalo mtoto yule alistahili kulipata pale pale.

1. Mmeanza historia katikati.

Wazungu wa karne ya 19 walipofika Kilimanjaro walikuta mifongo ya Wachaga, mifereji inayotoa maji kwenye mito ya mlimani na kuyagawa kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, kwa zamu, chini ya sheria zilizojulikana na kila ukoo. Kule Mbinga, Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa ngoro zaidi ya karne moja. Nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo hufunikwa juu yake, na katikati hubaki mashimo yanayokamata maji ya mvua na udongo usiporomoke. Ng'ambo ya mpaka, Wamijikenda wa pwani ya Kenya walilinda misitu ya kaya kwa mwiko na kwa adhabu za wazee, hata mwaka 2008 misitu 10 kati ya hiyo, iliyotawanyika katika ukanda wa kilomita 200 hivi, ikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hakuna hata moja kati ya hayo lililowekwa kwenye ukuta wenu.

Lakini kasoro kubwa zaidi ipo kwenye bango linalosema wapelelezi wa kwanza waliikuta nchi ya Serengeti na Ngorongoro ikiwa "pori lisilo na watu". Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu makosa mengine mengi yamezaliwa na sentensi hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulishuka kutoka kaskazini na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Uliua pia nyati na nyumbu. Wamaasai, ambao uhai wao wote ulitegemea ng'ombe, waliingia kwenye njaa isiyo na mfano, na ndui ikaja juu ya njaa. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro mwezi Machi 1892, aliandika kuhusu watu waliokonda hadi kubaki mifupa, wakiomba chakula kwenye kambi yake. Jamii zilizobaki zilipungua na kuhama. Mashamba na malisho yakageuka vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, mbung'o wakawazuia watu kurudi. Mzungu aliyefika miaka kumi au ishirini baadaye aliona pori, akadhani ndivyo Mungu alivyoliumba. Alikuwa anatazama matanga.

Tena sotoka hiyohiyo ina mwendelezo ambao ungewafurahisha wanafunzi wenu kuliko picha yoyote ya ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa karibu 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walifika takribani milioni 1.3. Walitoka wapi? Pamoja na mvua nzuri za kiangazi za miaka ya 1970, sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, na ugonjwa ukakatika kwa nyumbu pia, ambao hakuna aliyewachanja. Yaani uhamaji mkubwa wa nyumbu ambao dunia nzima huja kuutazama unatokana kwa kiasi kikubwa na mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake kwenye chanjo. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote. Mfugaji huyo kwenu yupo ukutani kama mvamizi.

2. Mmewaficha waliolipa gharama.

Hifadhi ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951 ilijumuisha Ngorongoro, na watu walikuwa wanaishi ndani. Baada ya miaka ya mvutano, mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliwekewa mbele mkataba wa kuachia Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambalo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Mwaka huohuo Gavana Richard Turnbull alisimama mbele ya baraza la Wamaasai akaahidi kwamba ikitokea maslahi ya wanyama na ya wakazi wa eneo hilo kugongana, ya wakazi ndiyo yatakayotangulia. Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata na Waishenyi walizikuta njia zao za kuwinda, chemchemi zao na makaburi ya babu zao yakiwa ndani ya mipaka mipya. Uwindaji uliokuwa chakula na heshima ya kijana ukawa kosa la jinai.

Wahusika wengine hawatapenda niliguse hili, lakini mwalimu hawezi kulikwepa. Tangu 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na mjadala wake umefika hadi darasani. Wapo wanaounga mkono, wapo wanaopinga, na mimi sikuandika barua hii kuamua kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi asiyejua ahadi ya 1959 hawezi kuelewa hata neno moja la wanachozungumza watu wazima, upande wowote ule. Kituo cha elimu ndicho kilipaswa kumweleza.

3. Shinyanga haimo kabisa.

Hapa nakiri nasema kwa uchungu, kwa kuwa ni kwetu.

Tangu enzi za wakoloni misitu ya Usukuma ilikatwa kwa kampeni za kufukuza mbung'o. Ikaja pamba, ikaja mifugo mingi, yakaja mahitaji ya kuni. Halafu mpango wa vijiji wa miaka ya 1974 na 1975 ukawahamisha watu kutoka kwenye maeneo yao, na kila familia ikaacha nyuma ngitili yake. Kwa wasomaji wasioijua, ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa masika, nyasi zikaachwa zisimame, kisha yakafunguliwa kiangazi kikikaza, kwa ajili ya ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wagonjwa. Mtu akihamishwa kilomita kadhaa hawezi kuilinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shinyanga ilishaanza kuitwa jangwa la Tanzania, na mwanamke alitembea siku nzima kutafuta mzigo wa kuni. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa mwaka 1984 alishtushwa na aliyoyaona.

Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni wataalamu walifanya kama wataalamu wote: vitalu vya serikali, miche ya kigeni, amri za kupanda. Matokeo yakawa haba. Ndipo wakakaa chini na wazee, na wazee wakawaambia kwamba miti ipo, imo ardhini kama visiki vyenye mizizi hai, inachohitaji ni kuachwa ipumue. Rudisheni ngitili. Dagashida, mkutano wetu wa kimila, ukapanga mipaka na faini. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakalinda. Familia zikafunga ngitili zao, vijiji vikafunga za kwao, hata shule zikafunga. Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika mamia ya vijiji. Kuni zikasogea karibu na nyumba. Asali, uyoga, dawa za miti shamba na nyasi za kuezekea vikarudi.

Sijui ni nchi ngapi zinazoweza kuonyesha jambo kama hili, la watu wenyewe kurudisha msitu kwa ukubwa huo kwa kutumia sheria zao, bila uzio na bila askari wa bunduki. Watoto wanaotembelea kituo chenu wengi ni Wasukuma. Wanapita getini wakiwa wametoka kwenye nyumba zenye ngitili nyuma ya boma, halafu ndani wanaambiwa uhifadhi uliletwa na meli.

4. Mmeacha harakati zenyewe.

Uhifadhi haukuwa kazi ya kutenga mapori peke yake. Ulikuwa pia ubishi wa wananchi na wakubwa kuhusu nani aamue juu ya ardhi, maji na miti. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta kwa amri. Mwaka 1955 wakagoma na kuandamana, polisi wakatumia nguvu, mtu akafa, na mpango ukavunjika. Waluguru hawakuwa wanachukia udongo wao. Walikataa kazi ya shuruti iliyopangwa na mtu asiyewahi kulima mlima ule.

Miaka ya 1990 mwanzoni, serikali yetu wenyewe ilitaka kuutangaza msitu wa Duru-Haitemba, Babati, kuwa msitu wa akiba wa serikali. Vijiji vinane vilivyouzunguka vikapinga. Vikasema tupeni sisi tuulinde, mje mtukague. Vikaweka mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikateua walinzi, na msitu ukaanza kupona. Jaribio hilo lilifungua njia ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayoviruhusu vijiji kote nchini kumiliki na kusimamia misitu yao. Mwaka 1997, ilipoidhinishwa sehemu kubwa ya delta ya Rufiji, yenye mikoko mingi, igeuzwe mabwawa ya kufuga kamba, wakazi wa vijiji vya delta walikwenda mahakamani wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira. Mabwawa yale hayakuchimbwa.

Na Wangari Maathai, jamani? Mwanamke aliyeanza na miche saba Nairobi tarehe 5 Juni 1977, akajenga Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mikononi mwa wanawake wa vijijini, akazuia mnara wa ghorofa 60 usijengwe Uhuru Park mwaka 1989, akapigwa akitetea msitu wa Karura mwaka 1999, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Ni jirani yetu, alizungumza Kiswahili chetu. Wasichana katika darasa langu walipita kituoni kwenu bila kukutana na jina lake.

5. Hata wataalamu wetu hawapo.

Chuo cha usimamizi wa wanyamapori cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963, na Waafrika waliohitimu pale wamesimamia hifadhi katika nchi nyingi. Solomon ole Saibull alikuwa Mtanzania wa kwanza kuwa mhifadhi wa Ngorongoro. Costa Mlay aliongoza Idara ya Wanyamapori wakati wa Operesheni Uhai ya 1989 ya kupambana na ujangili, mwaka ambao Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kutaka biashara ya meno ya tembo ipigwe marufuku duniani, na marufuku hiyo ikapatikana. Bango moja lingetosha kwa haya.

Najua mtakayosema, kwa sababu mengine mlishatuambia.

Mlituambia nafasi haitoshi. Waheshimiwa, ndege ya Grzimek ina ukuta wake peke yake. Hatuombi jina lake lifutwe. Mwanawe alifia kazini Januari 1959, ndege ilipogongana na tai mzoga, na wote wawili wamelala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kazi yao ya kuhesabu wanyama kutoka angani ni sehemu ya historia hii, na tunaiheshimu. Tunachoomba ni wasimame pale pamoja na wenzao.

Mlituambia masimulizi ya wazee hayana nyaraka. Muhtasari wa Historia wa kidato cha kwanza unafundisha kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia. Mimi nalifundisha hilo kila Januari. Siwezi kuwafundisha watoto jambo darasani, halafu kituo cha elimu kiwaambie kwamba kwa babu zao halihusu. Na nyaraka zipo pia: maandishi ya Baumann, mkataba wa 1958, hotuba ya 1959, sheria ndogo za vijiji vya Babati, ripoti za HASHI. Anayezitafuta atazipata.

Mlituambia kuondolewa kwa watu ni siasa. Kuweka mabango yanayosema nchi ilikuwa tupu ni siasa vilevile, tena ya upande mmoja. Mwalimu Nyerere katika Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, Septemba 1961, alikubali kwamba wanyama hawa ni dhamana yetu kwa vizazi vijavyo. Dhamana haitunzwi na mtu asiyeambiwa ilifikaje mikononi mwake na nani aliumia njiani.

Mlituambia watalii wanapenda maelezo mafupi. Watalii ni wageni wetu na tunawakaribisha. Kituo, hata hivyo, kinaitwa cha elimu, na wengi wanaoingia wakiwa wamevaa sare za shule wametoka wilaya zinazoizunguka hifadhi. Hao ndio watakaoamua kesho kama wataripoti mtego wa waya porini au watanyamaza.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, bango la "pori lisilo na watu" liondolewe mara moja, na mahali pake paelezwe sotoka na njaa ya miaka ya 1890. Hili halihitaji bajeti kubwa wala kamati.

Pili, iundwe kamati ya kuupanga upya ukuta wa historia, yenye walimu wa Historia na wazee, wanaume kwa wanawake, kutoka kwa Wamaasai, Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wasukuma. Wawe na kauli, wasiitwe kupiga picha ya pamoja tu.

Tatu, anzeni kurekodi sauti za walioshuhudia. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 familia yake ilipoondoka Serengeti mwaka 1958 leo anakaribia miaka 80. Kila msimu tunazika mmoja wao. Walimu wa Historia wa wilaya zetu wako tayari kufanya kazi hii na wanafunzi wao bila malipo. Tupeni vinasa sauti na mahali salama pa kuhifadhi.

Nne, mabango yote yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa sawa na za Kiingereza. Hivi sasa mzazi akiongozana na mtoto wake inabidi asomewe.

Tano, kiwepo chumba cha ngitili, na nje ya jengo liwepo shamba dogo la mfano, litakalofungwa na kufunguliwa kwa msimu kama desturi inavyotaka. Wazee wa kwetu watakuja kulisimamia.

Tunaomba jibu la maandishi kabla muhula huu haujafungwa, likitaja lipi mtalifanya, lini, na nani atalisimamia. Msafara wetu wa mwaka ujao umeshaanza kuchangiwa. Jibu likija, tutakuja kama kawaida na tutawasaidia kwa mikono yetu. Lisipokuja, fedha hizo tutazipeleka Shinyanga vijijini, watoto wakajifunze uhifadhi chini ya miti ya ngitili kwa wazee walioirudisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia, kwa niaba ya walimu wenzake
Kanda ya Ziwa

Nakala:
Wakuu wa shule za sekondari zinazotembelea kituo
Serikali za vijiji vinavyopakana na hifadhi
Kamati za wazazi